Misa ya Mmoravian

Nyumbani kwetu Tabora sala ya jioni ilikuwa na amina mbili. Mama yangu, Mkatoliki, alifika mwisho wa Sala ya Bwana mapema, kwa kuwa alivyofundishwa yeye sala hiyo hukoma kwenye ombi la kuepushwa na maovu. Baba yangu, Mmoravian, alikuwa bado na maneno ya ufalme na utukufu ya kutamka, naye aliyatamka polepole, sauti ikiwa imepanda kidogo, kama mtu anayejua kwamba wenzake wameshafunga duka. Sisi watoto tulisema amina na mama, kisha tukasema nyingine na baba.

"Mama yenu hushuka njiani," baba alisema huku akivua miwani.

"Nilikuwa nimeshafika," mama alimjibu. "Nilikuwa nakusikiliza tu."

Walifunga ndoa katika kanisa la mama, kwa kibali maalumu ambacho Mkatoliki hupewa anapoolewa na mtu wa dhehebu jingine. Baba alikiita kibali hicho viza ya siku moja. Alisema aliingia asubuhi, akatoka mchana na mke, na tangu siku hiyo hakuona sababu ya kuomba nyingine. Kila Jumapili walitoka nyumbani pamoja, wakaenda bega kwa bega hadi barabara ilipogawanyika, wakaagana kwa kupeana mikono kama watu wanaokwenda safari za mbali, kisha kila mmoja akashika njia yake. Sisi tulibatizwa kwa mama na kuimba kwaya kwa baba. Mpaka leo, nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kutosha, nikiulizwa dhehebu langu huwa nasita kidogo kabla ya kujibu, si kwa aibu bali kwa kutaka kusema kweli.

Mpinzani halisi wa baba hakuwa mama. Alikuwa kaka wa mama, mjomba wangu, katekista wa muda mrefu aliyeishi Kigwa. Kigwa ndiko baba alikofanya kazi ya stesheni masta kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa mjini, na ndiko alikomkuta mama. Baada ya uhamisho huo wa baba, mjomba alikuja mjini karibu kila Jumapili alasiri, akakaa kwenye kiti kile kile cha kamba, akaletewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na mabishano yakaanza kabla hajamaliza kuitikia salamu.

Mjomba alikunywa wanzuki, pombe ya asali, kwa kiasi na kwa dhamiri safi. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, alikunywa chai iliyotiwa asali.

"Nyuki ni wale wale, shemeji," mjomba alisema akiinua kikombe.

"Ni wale wale. Ila asali yangu imeokoka, yako bado inaungama."

Siku nyingine baba ndiye aliyechokoza. "Padri wenu hana mke. Sasa akikosea, nani anamwambia ukweli?"

"Na mchungaji wenu anaye," mjomba alijibu bila haraka, "ndiyo maana mahubiri yake ni marefu. Kanisani ndiko anakopata nafasi ya kusema."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu, na baba, aliyekuwa ameshindwa, alicheka kuliko wote.

Niliposoma chuo kikuu nilikutana na maelezo kwamba utani wa makabila yetu ulikomaa katika njia ya misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita nchi za watu wengine kwenda pwani na kurudi. Mtu uliyegombana naye kisimani mwaka huu, na ambaye utalazimika kupita kwake tena mwakani, ama umpige ama umtanie. Sijui kama historia ilikuwa nyepesi hivyo. Ila nilipoyasoma maelezo hayo nilimwona baba na mjomba. Wao pia walikuwa wamerithi ugomvi wa watu wa mbali sana, walioutatua kwa moto na kwa upanga katika nchi ambazo wao wawili hawakuwahi kuziona, na walikuwa wameamua, bila kuandikishana, kwamba kwetu ungepita kwa njia ya kicheko.

Kulikuwa na utani mmoja tu ambao mama hakuucheka. Ulihusu toharani, mahali ambapo, kwa imani ya Wakatoliki, roho nyingi hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni, na ambapo sala za walio hai na misa husaidia. Baba hakuamini kwamba mahali hapo papo.

"Toharani ni stesheni yenu," alimwambia mjomba. "Treni yangu haisimami hapo. Nikifa msije mkaniombea misa, mtanichelewesha."

"Wewe umesimamia stesheni maisha yako yote," mjomba alisema. "Reli yetu ni moja. Niambie treni gani iliwahi kufika Kigoma bila kusimama mahali kungoja nyingine ipite."

Kila utani huo ulipoanza, mama aliinuka kwenda kutazama chungu. Chungu hakikuwa na tatizo lolote. Nilipokuwa mdogo nilidhani hapendi kelele. Baadaye nilielewa kwamba kwake yeye toharani haikuwa hoja. Wazazi wake walikuwa huko, au angalau aliwaombea kana kwamba walikuwa huko, na mdogo wake aliyekufa kwa surua pia. Mtu hawezi kucheka vizuri juu ya mahali wanapokaa watu wake.

Kisha baba akaugua. Ugonjwa ulianza na kikohozi na ukaendelea taratibu, jinsi magonjwa ya wazee yanavyoendelea, kila mwezi ukichukua kitu kidogo. Alipolazwa, mjomba alikuja kutoka Kigwa akiwa na rozari mfukoni na chupa ya asali mkononi. Mama alikuwa amekaa upande wa kichwani, mimi nimesimama miguuni. Walisalimiana, mjomba akaiweka asali kando ya kitanda. Baba ndiye aliyeanza.

"Shemeji, sikiliza. Usije ukaniombea misa."

Akaanza kucheka. Kikohozi kikamshika katikati ya kicheko, kikamkunja, muuguzi akaja na kumgeuza upande, na tulipotulia baba alikuwa amefumba macho. Hakuzungumza tena. Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Tulimzika kwa taratibu za kanisa lake, kwa matarumbeta na nyimbo alizozipenda. Kwetu msibani watani wana haki zao: mtani anaweza kuvaa kofia ya marehemu, akamwiga anavyotembea, akauliza mbele ya jeneza sasa atamdai nani, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Shemeji naye ana haki hiyo. Watu walimtazama mjomba, wakingoja. Niliona wanaume wawili wa Kigwa wameshaanza kutabasamu kabla hajasema lolote. Mjomba alichukua koleo, akatupa udongo wake, akamrudishia mwenye koleo, akaenda kusimama nyuma. Hakusema neno. Nadhani ukimya huo ndio uliowaliza wengi, kwa sababu ulionyesha kwamba mmoja wa wazungumzaji wawili ameondoka kweli.

Katika wiki zilizofuata mama hakulala. Alijilaza, akafumba macho, akafumbua. Asubuhi tulimkuta ameketi kitandani amevaa, kama mtu anayengoja kuitwa. Alipungua. Nilikuwa nimechukua likizo ili nibaki naye mpaka arobaini, siku ambayo kwetu, Mkristo kwa Mwislamu, huukamilisha msiba, na nilidhani kwamba ni huzuni tu na kwamba huzuni itafuata mkondo wake.

Siku moja alikuwa akibangua karanga uani, nami nikimsaidia vibaya. Akasema bila kuniangalia:

"Mwanangu, siku ile hospitali, baba yako alikuwa anatania au alikuwa anaagiza?"

Nilimwelewa mara moja. Alitaka kumwombea mumewe misa siku ya arobaini. Kwa imani yake, kumwacha bila misa ni kumwacha njiani bila maji. Lakini neno la mwisho alilolisikia kutoka kwake lilikuwa la kuikataza misa hiyo, na neno la mwisho la marehemu ni wasia. Kama lilikuwa utani, halimfungi mtu, utani haushikwi. Kama halikuwa utani, angekuwa anamvunjia mumewe heshima akiwa hana kinywa cha kujitetea. Kila kitu kilining'inia kwenye kile kicheko, na kicheko chenyewe kilikuwa kimekatwa na kikohozi kabla hatujajua kinaelekea wapi.

Nilianza kumweleza jinsi fundisho la toharani lilivyojengeka katika historia, na jinsi waliolipinga walivyojenga hoja zao, na kwamba hata miongoni mwa wanazuoni...

"Sikuulizi hayo," mama alisema kwa upole. "Nakuuliza baba yako. Ulikuwa umesimama miguuni pake, uso wake uliuona kuliko mimi. Alikuwa anatania?"

Nilikumbuka uso ule kadiri nilivyoweza. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Akaendelea kubangua karanga.

Nilipanda gari asubuhi iliyofuata kwenda Kigwa. Nilitarajia mjomba afurahi. Kwa miaka yote ile alikuwa akidai kwamba siku moja shemeji yake atahitaji misa, na sasa dada yake mwenyewe alikuwa akiitaka. Nilimkuta akipaka nta mizinga yake ya nyuki nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama yako anakula?"

"Kidogo. Halali." Nikamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mzinga chini.

"Mimi simwombei misa," alisema.

"Lakini mjomba, wewe ni katekista."

"Ndiyo. Na kila usiku namtaja kwenye rozari yangu, hilo ni kati yangu na Mungu, na yeye alilijua. Lakini misa inatangazwa. Jina lake lisomwe mbele za watu, katika kanisa letu, kwamba anaombewa atoke toharani? Huko ni kumshinda, mwanangu. Tumebishana miaka yote, na kila nilipompiga alinirudishia. Leo nimpige akiwa hawezi kurudisha? Watu wa Kigwa watacheka, watasema katekista amempata. Sitaki kumpata hivyo."

"Na mama?"

Alirudia mizinga yake. Nilipoaga alinipa asali kwenye chupa ya maji, akasema nimpelekee dada yake.

Aliyebaki ni shangazi. Dada mkubwa wa baba alikuwa mkulima wa tumbaku huko Urambo, Mmoravian ambaye hata baba, mzee wa kanisa, alimwona ni mkali. Aliwahi kukataa kula pilau ya Krismasi kwetu kwa sababu ilipikwa kwenye sufuria iliyokuwa imechemshiwa wanzuki ya mjomba. Alikuja siku tatu kabla ya arobaini, na gunia la viazi vitamu na mikono ambayo ilikuwa bado inanuka moshi wa bani la kukaushia tumbaku. Niliogopa. Nilikuwa nimemwomba mama asiliseme jambo lile mbele yake mpaka nipate njia ya kulisema mimi. Lakini shangazi alimtazama wifi yake mara moja tu, akakaa chini akiwa hajavua hata kitenge cha safari.

"Wifi, wewe hulali. Unaumwa nini?"

Mama akamweleza. Hakupamba, hakuficha. Alieleza kuhusu misa, kuhusu hospitali, kuhusu kicheko. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika birika la chai ambalo nililisahau mkononi.

Shangazi alivua kitenge cha safari, akakikunja. Kisha akauliza, "Alikuwa anatania?"

"Ndilo nisilolijua."

"Hata mimi sijui. Na ndugu yangu nilimbeba mgongoni." Akafikiri. "Sasa nisikilize, wifi. Kama alikuwa anatania, basi hakuna agizo, kamwombee misa yako. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na kama hakuwa anatania, basi alikufa akiwa amemnyima mke wake usingizi kwa kusudi, mke aliyemfulia na kumuuguza mpaka pumzi ya mwisho. Hilo ni kosa. Na wewe unasema mwenye kosa anaombewa misa. Kwa hiyo kamwombee. Kwa vyovyote vile hachomoki."

Mama alimtazama. Nilidhani atalia. Badala yake pembe za mdomo wake zilicheza, kwa mara ya kwanza tangu tuingie hospitali, akafunika uso kwa kanga.

"Lakini mimi siamini," shangazi aliongeza kwa ukali, akinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemshuku. "Mimi ndugu yangu yuko mbinguni. Alifika siku ile ile. Tusielewane vibaya. Na hilo birika litapoa."

Aliuliza mjomba yuko wapi. Nilimweleza alivyokataa. Akaomba simu yangu, akampigia mwenyewe, na tulisikia upande wake tu wa mazungumzo: "Wewe shemeji, usinisumbue na mambo yenu ya kushindana... Nani kakwambia ni ushindi wako? Ni misa ya wifi yangu... Basi tutaonana."

Siku ya arobaini tulikwenda misa ya asubuhi, ile fupi ya siku za kazi, yenye watu wachache. Mama alikuwa ameomba kwamba nia ya misa, yaani yule anayeombewa, isomwe na kaka yake, na paroko alikubali. Shangazi alivaa sare ya akina mama wa kanisa lake, kuanzia kilemba mpaka chini, asije mtu akadhani amehama. Alikaa benchi la mbele. Wengine walipopiga magoti, alibaki ameketi, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, kama abiria aliyekatiwa tiketi sahihi katika behewa lisilo lake.

Mjomba alisimama kwenye kimimbari na karatasi. Alisema kwamba misa hii inatolewa kumwombea marehemu, akafika kwenye jina, akalitamka la kwanza, na sauti ikakatika. Akajaribu tena. Haikutoka. Tulisikia mtu akifagia nje. Mjomba alikuwa mtu wa kusoma mbele za watu tangu ujana wake, na sikuwa nimewahi kumwona akiishikilia karatasi kwa mikono miwili.

Kutoka benchi la mbele, kwa sauti ya kawaida kabisa, shangazi alisema:

"Soma, shemeji. Mimi nipo. Nitamjibia."

Watu waligeuka. Bibi mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Padri aliinamisha kichwa, na mabega yake, nilikuwa karibu kiasi cha kuyaona, yalitikisika kidogo. Mjomba alifuta uso kwa kiganja, akalisoma jina lote, la kwanza, la baba yake na la ukoo, kwa sauti iliyofika mlangoni. Nilitambua kwamba hilo ndilo alilolihitaji: si ruhusa ya kanisa lake bali mtu wa kusimama upande wa pili. Bila mtu huko, kumtania kungegeuka kuwa kumpiga asiyeweza kurudisha, na kumwombea pia.

Misa ilipokwisha watu walitoka. Mama alibaki amepiga magoti, kichwa kimeinama, na hakuna aliyethubutu kumwambia twende. Shangazi alingoja. Alikuwa na magoti mabovu kwa miaka ya kuinama katika mashamba ya tumbaku. Baada ya muda alishika benchi, akajishusha, goti moja, kisha la pili, kwa mguno ambao aliuficha kwa kukohoa, mpaka akawa bega kwa bega na wifi yake.

"Usinifikirie vibaya," nilimsikia akinong'ona. "Mimi siombi. Nakusindikiza tu."

"Nisindikize," mama alisema.

Tuliporudi nyumbani chakula kilikuwa tayari na jirani zetu wa madhehebu yote na wa dini zote mbili walikuwa wamekaa uani. Mama alikula ugali na mlenda, akanawa, akasema ataegemea kidogo. Alijilaza kwenye mkeka barazani, upande wa kivuli, akajifunika kanga. Nilipopita na sahani alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umeachia.

Mjomba na shangazi walikuwa wamekaa hatua chache kutoka hapo. Walikuwa wameanza kubishana.

"Na wewe ukifa, wifi wa watu, nani atakuombea?" mjomba aliuliza.

"Hakuna. Nimeshakataza, na mimi sicheki ninapokataza."

"Nimekusikia. Nitaomba kimyakimya."

"Nitajua."

"Utajuaje, kama uko mbinguni huna shida na mtu?"

Shangazi alifungua kinywa kumjibu kwa sauti yake ya shambani, akatupa jicho kwenye mkeka, akakifunga. Akamsogelea karibu zaidi. Waliendelea hivyo alasiri nzima, vichwa vimekaribiana, wakigombana kwa kunong'ona ili wasimwamshe.